Maswali tunayoulizwa kila siku kuhusu WiFi, 5G, setilaiti na redio zinazokuja: majibu kutoka Mombasa

Kazi yangu ni kufunga mitandao isiyotumia waya hapa Mombasa, kisiwani, Nyali, Likoni, mpaka Mtwapa na Diani nikiitwa, na kila ninapoenda maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa ili mtu akiniuliza nimtumie asome kwanza kabla hajatoa pesa yake, mana naona watu wengi wananunua namba iliyoandikwa kwenye boksi, na hio namba haijui kama nyumba yako ni ya mawe ama ya makuti, wala kama uko karibu na maji.

## Ya mwanzo

WiFi na intaneti si kitu kimoja?

Hapana. WiFi ni ile redio ya kutoka kwa rauta mpaka kwa simu yako, mita kumi ishirini hivi basi. Intaneti yenyewe inakuja kwa faiba, kwa mnara wa simu ama kwa setilaiti, halafu WiFi inaipokea hapo mlangoni na kuisambaza ndani. Ndo mana unaeza kuona alama ya WiFi imejaa na hakuna kitu kinafunguka, redio iko sawa lakini kule nyuma kumekatika.

Na sisi watu wa Mombasa tunafaa tulijue hili kuliko wengine, mana nyaya za baharini zinatua hapahapa kwetu. SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010, na kabla ya hapo mawasiliano ya nje ya nchi yalikuwa yanategemea setilaiti, ghali na polepole. Kwa hivyo mtu akikwambia siku zijazo hakutakuwa na waya tena, mwambie waya utazidi kuwa mwingi, redio ni kile kipande cha mwisho tu, lakini ndo kipande chenye matatizo mengi na ndo mana nakiandikia hapa.

Mbona WiFi haifiki chumba cha pili?

Ukuta. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama urefu wa mkono, na lile jiwe linanyonya unyevu wa hewa ya bahari, sasa maji ni adui mkubwa wa redio ya masafa ya juu, yaani ile ambayo wimbi lake linatikisika haraka. Nyumba ya mabloku ya kisasa nayo ina nondo ndani ya zege. Nyumba ya makuti makavu redio inapita vizuri kabisa, mpaka mvua ya masika inyeshe yaloane.

Kitu cha kukumbuka ni kwamba masafa ya chini yanafika mbali na yanapenya, masafa ya juu yanabeba data nyingi lakini yanachoka haraka. Wimbi la 2.4 GHz (GHz ni kipimo cha masafa) lina urefu wa sentimita 12 hivi, la 5 GHz sentimita 6, na ile 5G ya masafa ya juu kabisa ya 28 GHz ni sentimita 1 tu. Karibu kila jibu lililoko hapa chini linarudi kwa jambo hili, kwa hivyo kama umelielewa umemaliza nusu ya kazi.

Naona majina mawili ya WiFi, 2.4 na 5, nitumie lipi?

Ukiwa chumba kimoja na rauta tumia 5. Ukiwa mbali ama kuna ukuta katikati tumia 2.4. Shida ya 2.4 ni msongamano: chaneli zisizogongana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na ukiwa kwenye gorofa za Tudor ama Buxton unaeza kuhesabu rauta thelathini zote zinapigania hizo tatu, pamoja na Bluetooth na oveni ya maikrowevu. Ingia kwenye setingi za rauta uangalie iko chaneli gani. Ukiikuta 3 ama 8 irudishe kwa moja ya zile tatu, mana hapo katikati unawasumbua majirani wa pande zote mbili na wewe mwenyewe hufaidi.

Nikinunua busta si itatosha?

Busta ya bei rahisi inasikia na kusema kwa redio ileile moja, kila kipande cha data kinapita hewani mara mbili, kwa hivyo spidi inagawanyika nusu hata kabla hujahesabu ukuta. Na watu wanaiweka palepale ambapo mtandao hakuna! Kama haisikii vizuri itarudia nini? Iweke katikati ya njia, pale ambapo bado mtandao ni mzuri. Lakini kama unaeza kuvuta waya mmoja mpaka chumba cha pili na kuweka rauta nyingine hapo, fanya hivo. Nishawaambia watu hili mara nyingi na wanaona kama nawarudisha nyuma, waya tena mwaka huu? Ndio, waya. Ile mifumo ya meshi, yaani rauta kadhaa zinazoshirikiana, nayo inafanya kazi sawa, hasa yenye redio ya tatu ya kuzungumza yenyewe kwa yenyewe, ila kwa nyumba ya mawe hata meshi inashindwa.

## WiFi mpya: 6, 7 na 8

Ninunue rauta ya WiFi 7?

Inategemea nyumba na simu zako. WiFi 7 ilianza kupewa vyeti rasmi Januari 2024, na kitu kizuri ndani yake si ile spidi kubwa wanayotangaza, ni kwamba kifaa kinaeza kushika masafa mawili kwa wakati mmoja, tuseme 5 na 6 GHz, moja ikisongamana data inapita kwa nyingine na wewe huoni kukatika. Hilo ni jambo la maana kwa mtu anayefanya mikutano ya video.

Lakini simu yako pia lazima iwe ya WiFi 7, la sivyo itazungumza lugha yake ya zamani tu. Na kama bando lako la nyumbani ni megabiti 20, rauta ya gigabiti kadhaa haitakuongezea hata moja. Mama mmoja wa Kizingo alinunua rauta ghali sana kwa kuambiwa itamaliza shida, nilipofika nikakuta ile ya zamani ilikuwa imefichwa nyuma ya friji ndani ya kabati. Tukaitoa tukaiweka juu kwenye korido na shida ikaisha, ile mpya akairudisha dukani.

Kwa watu wengi WiFi 6 inatosha kabisa kwa sasa. WiFi 6 ilitengenezwa kwa ajili ya mahali penye vifaa vingi, inaeza kugawa chaneli moja kwa simu kadhaa kwa pamoja badala ya kila mmoja kungoja zamu, na kwa hoteli, madrasa ama duka la kahawa hio ndo faida utakayoiona.

Hio 6 GHz inaruhusiwa Kenya?

Sehemu ya chini ndio, kutoka 5925 mpaka 6425 MHz, Mamlaka ya Mawasiliano imeiachia WiFi. Marekani wao waliachia mpaka 7125 mwaka 2020. Sehemu ya juu imebishaniwa sana duniani, kampuni za simu wanaitaka kwa minara yao na watu wa WiFi wanaitaka pia. Kwetu maana yake ni kwamba ile chaneli pana kabisa ya WiFi 7, ya 320 MHz, inaingia moja tu. Kwa hivyo namba ya juu iliyoko kwenye boksi ungeipata kama jirani yako hana rauta kama hio. Mimi bado naipenda 6 GHz kwa sababu nyingine: iko tupu. Ukifungua leo kwenye gorofa iliyojaa watu unakuta kimya, na kimya kwa redio ni mali.

Naskia kuna WiFi 8, ningoje?

Usingoje. Inatarajiwa kukamilika kama 2028. Nimefurahi kuona safari hii hawakimbizi spidi, wanataka mtandao usikatike unapotembea kutoka rauta moja kwenda nyingine, na rauta za jirani zipangane badala ya kupigiana kelele. Yaani wamekubali shida ambayo mafundi tunaiona kila siku.

WiFi yangu ya 5 GHz inapotea dakika nzima halafu inarudi, kuna mtu anaichezea?

Kuna chaneli za 5 GHz ambazo WiFi ni mgeni tu, wenyewe ni rada za hali ya hewa na za kijeshi. Rauta ikisikia kitu kama rada lazima inyamaze na kuhama, na kwenye chaneli mpya ya aina hio inasikiliza dakika moja kabla ya kusema. Watu wa hapa wanalaumu meli za bandarini, lakini rada za meli zinafanya kazi karibu na 3 na 9 GHz, si hapo. Chagua chaneli 36 mpaka 48 na utapumzika.

Ni kweli WiFi inaeza kumuona mtu nyuma ya ukuta?

Kumuona sura hapana, kujua kuna mtu anatembea ndio. Mwili ni maji, ukipita unatikisa mawimbi na rauta inaeza kusoma ule mtikisiko. Kiwango rasmi cha jambo hili kilichapishwa 2025 na kinaitwa 802.11bf. Kinaeza kusaidia, kwa mfano kujua bibi mzee ameanguka chumbani bila kumuekea kamera, na hilo naliona zuri sana. Lakini pia inamaanisha mwenye rauta anaeza kujua nyumba iko na watu ama haina. Mimi nataka sheria iseme wazi hio data ni ya nani kabla vifaa hivyo havijajaa madukani.

## 5G, 6G na simu za zamani

5G ina tofauti gani na 4G, kando na spidi?

Safaricom walianza kuiuza Oktoba 2022, Airtel Julai 2023. Tofauti kubwa iko kwenye antena: mnara wa 5G unaeza kuwa na antena ndogondogo 64 kwenye paneli moja, zikipangiliwa zinaelekeza boriti ya redio kwako, badala ya kumwaga pande zote kama taa ya barabarani. Kwa hivyo masafa yaleyale yanatumika na watu wengi zaidi kwa wakati mmoja.

Hapa pwani faida niliyoiona kwa macho yangu ni ile 5G ya nyumbani, rauta inawekwa dirishani bila kungoja faiba. Mitaa ya Kisauni na Likoni ambayo faiba imechelewa, imewasaidia watu kweli.

Simu inaonyesha 5G lakini polepole kuliko 4G, kwa nini?

Aghalabu ni moja ya mambo mawili. La kwanza mnara umejaa, nenda kivuko cha Likoni saa kumi na mbili jioni uone maelfu ya watu kwenye mnara mmoja. La pili simu iko ukingoni, inashika 5G kwa shida halafu inang'ang'ania. Ingia kwenye setingi uirudishe 4G ujaribu tena. Mambo ya masafa kuchoka nishayaeleza kwenye swali la ukuta.

5G inadhuru afya?

Swali hili nalichukulia kwa uzito, mana anayeuliza huwa ana mtoto anayelala karibu na mnara. Mawimbi ya redio, ya 5G yakiwemo, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama miale ya eksirei, hata mwanga wa taa una masafa ya juu kuliko 5G. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba yakiwa na nguvu nyingi sana yanapasha joto, na mipaka ya kimataifa, iliyofanyiwa marekebisho 2020, imewekwa chini sana ya hapo. Shirika la utafiti wa saratani la WHO mwaka 2011 liliweka mawimbi ya redio kwenye kundi la vitu vinavyoeza kuwa na uhusiano na saratani lakini ushahidi ni mdogo, na watu wengi wananukuu nusu ya kwanza tu.

Nguvu inapungua haraka ukienda mbali, ukiwa mbali mara mbili inabaki robo. Simu iliyoko kwenye sikio lako inakufikia zaidi kuliko mnara ulioko mita mia. Na ule uvumi wa 2020 wa kwamba 5G inaleta korona, uliofanya watu Uingereza wachome minara, ulikuwa uongo mtupu.

6G inakuja lini?

Karibu 2030. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilipitisha mwongozo wake Novemba 2023 kwa jina la IMT-2030, na mkutano mkubwa wa kugawa masafa duniani utakaa Shanghai 2027. Kinachozungumzwa ni mtandao unaohisi mazingira kama ile WiFi niliyoitaja juu, setilaiti na minara kuwa kitu kimoja, na bango bapa za ukutani zinazoakisi redio kwa kuelekezwa, ili iingie kwenye vichochoro ambavyo mnara hauvioni. Hizo bango nazitamani sana kwa Mji wa Kale, kule hakuna antena ya gorofani inayoona ndani ya kichochoro. Masafa ya juu zaidi ya 100 GHz nayo yanatajwa, lakini hayo ni ya mita chache tu, usiyajengee nyumba.

Simu yangu ya kabambe itazimwa?

Marekani kampuni kama AT&T ilizima 2G mwaka 2017 na 3G mwaka 2022. Hapa kwetu 2G bado inabeba mzigo mkubwa, mamangu anatuma pesa kwa kabambe na haijawahi kumuangusha. Ni haki watu kupewa simu za 4G za bei rahisi kwanza kabla mtu hajagusa ule mtandao.

## Angani

Dishi la setilaiti linafaa Mombasa?

Starlink ilianza Kenya Julai 2023, na jambo lililobadilika ni umbali. Setilaiti za zamani zinakaa kilomita 35,786 juu, ombi lako likipanda na kushuka na jibu likarudi njia ileile, karibu nusu sekunde imepotea safarini hata mwanga ukikimbia. Hizi mpya ziko kama kilomita 550, ile safari inakuwa chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, na kwa matumizi ya kawaida unazungumza video bila kungojana.

Kama unaishi Nyali na faiba inapita mlangoni, chukua faiba. Kama uko ndani ya Kwale ama Kilifi na mnara hauonekani, dishi ni ukombozi wallahi. Mambo mawili ya kuangalia: mnazi mmoja tu mbele ya dishi utakukatia kila sekunde chache upepo ukivuma, kwa hivyo panda juu ya paa upime anga kabla hujanunua. Na anga inagawanywa kama minara, mwishoni mwa 2024 Nairobi na maeneo ya jirani wateja wapya walisimamishwa kwa sababu nafasi ilijaa.

Zile baluni za intaneti ziliishia wapi?

Mradi wa Loon, Julai 2020, pamoja na Telkom. Baluni kama 35 zinazotumia jua zilikuwa zinaelea kilomita 20 juu na kurushia 4G magharibi na kati ya Kenya. Zilifanya kazi kweli. Lakini Januari 2021 wenyewe wakatangaza kufunga, gharama haikushuka vya kutosha. Naitaja kwa sababu teknolojia ikifanya kazi si kusema itabaki, muulize anayekuuzia kitu kipya nani atakitengeneza miaka mitano ijayo.

Simu ya kawaida itazungumza na setilaiti bila dishi?

Imeanza. 2022 iPhone 14 ikaeza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, na Julai 2025 T-Mobile ya Marekani ikafungua huduma ya kutuma ujumbe kupitia Starlink kwa simu za kawaida. Ugumu wake fikiria hivi: simu yako inatoa kama moja ya tano ya wati, na setilaiti inapita kwa kilomita 27,000 kwa saa. Ndo mana AST SpaceMobile walirusha setilaiti ya majaribio yenye antena ya mita za mraba 64, sikio kubwa la kusikia mnong'ono.

Usitegemee kuangalia mpira nayo. Ujumbe mfupi, mahali ulipo, baadaye sauti. Lakini kwa mvuvi aliyepoteza injini hio inatosha kumrudisha nyumbani, na kwangu mimi ndo redio mpya yenye maana kubwa kuliko zote kwa pwani hii.

Kwa sasa, mtandao wa simu unafika wapi baharini?

Dunia ni mviringo na redio ya simu karibu inafuata mstari ulionyooka. Mnara wa mita 30 ufukweni unaona kama kilomita 22 mpaka pale bahari inapoinama, ukiongeza mita mbili za wewe uliyesimama chomboni unapata 28 hivi. Na 2G ina ukuta wake mwingine, kawaida mnara haumpokei mtu aliye zaidi ya kilomita 35 hata kama anasikika, kwa sababu ya jinsi zamu zinavyopimwa kwa muda. Wenye ngalawa na mashua, tafadhali simu isiwe kitu pekee mnachobeba. Redio ya VHF ya baharini, chaneli 16, 156.8 MHz, inasikilizwa na kila meli iliyo karibu.

## Redio ndogo zisizotangazwa

LoRa ni nini na inanifaa vipi?

Ni redio inayosema kidogo na kufika mbali. Ilianzia Grenoble, Ufaransa. Inatumia masafa ya chini ya 1 GHz, kifaa kinaeza kutuma namba chache kwa kilomita kadhaa na betri ndogo ikakaa miaka. Haibebi picha wala sauti.

Hapa Mombasa maji ya mfereji hayana ratiba, kwa hivyo mtu mwenye majumba kadhaa anaeza kuweka kipimo kwenye kila tangi na kujua limebaki kiasi gani bila laini ya simu kwa kila moja. Friji za samaki, vipimo vya chumvi kwenye visima, mizinga ya nyuki kwenye mikoko, yote hayo yanataka namba moja kwa saa basi. Watu wanakimbilia 5G kwa kazi ambayo redio hii inaifanya kwa bei ndogo sana.

Kuna WiFi ya kilomita moja?

Ipo, inaitwa HaLow, nayo iko chini ya 1 GHz. Polepole kuliko WiFi ya nyumbani lakini kamera ya getini mwa shamba itafanya kazi. Vifaa bado ni vichache.

Masafa ya TV ya zamani yalienda wapi?

Kenya ilihamia dijitali 2015 na nafasi zikafunguka. Mradi wa Mawingu kule Nanyuki ulijaribu tangu 2013 kupitisha intaneti katikati ya chaneli za TV zisizotumika, na yale masafa yanapita miti na vilima vizuri. Natamani yangetumika zaidi kwa shule za bara la pwani.

Na intaneti ya taa?

Kiwango cha LiFi kilipitishwa 2023. Mwanga hautoki nje ya chumba, hio ndo faida na ndo kasoro. Kwa nyumbani bado sana.

## Kesi ngumu

Nimeunganisha nyumba mbili kuvuka maji ya Tudor, mtandao unakufa kila siku saa tofauti. Kwa nini?

Hili nalijibu kwa urefu mana lilinitesa wiki tatu. Mteja alikuwa na antena mbili za 5.8 GHz zinaonana wazi, hakuna mti hakuna jengo, na kila siku zinaanguka mara kadhaa halafu zinarudi zenyewe. Nikabadilisha vifaa, nikabadilisha waya, nikabadilisha chaja. Mwisho nikaanza kuandika saa tu. Nahodha mmoja mzee aliyekuwa amekaa barazani akaiona ile karatasi akaniuliza mbona naandika saa za maji.

Saa zilikuwa zinasogea kama dakika 50 kila siku, sawasawa na maji kujaa na kupwa. Redio inafika kwa njia mbili, moja moja kwa moja na nyingine inadunda juu ya maji. Wimbi la 5.8 GHz lina sentimita 5 tu, na bahari hapa wakati wa bamvua inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hivyo urefu wa ile njia ya pili unabadilika, na kuna kimo fulani cha maji ambacho yale mawimbi mawili yanafika yakipingana na yanafutana. Wakati wa maji mafu shida ilipungua, na hilo ndo lilinithibitishia.

Dawa: tuliishusha antena moja mpaka ukuta wa jengo la mbele ukaficha maji bila kuficha antena ya pili. Njia nyingine ni kuweka antena mbili kwa vimo tofauti, moja ikifutwa nyingine inasikia. Kuongeza nguvu hakusaidii, mana unaongeza na ile ya kudunda.

Antena zinaonana kwa macho, kwa nini mtandao ni mbovu?

Redio si uzi, inataka nafasi kama ya mkate wa mofa uliovutwa, mnene katikati. Kwa kilomita 2 za 5.8 GHz, pale katikati inataka kama mita 5 kila upande. Mnazi ukiwa mita 2 chini ya mstari macho yanapita lakini redio inaumia. Na kwa mlango wa Kilindini ongeza meli, meli ya makontena ni gorofa inayotembea na ikipita kati ya Likoni na kisiwa link inakatika mpaka ipite. Panda juu zaidi ama zunguka.

Naeza kuwauzia majirani WiFi yangu?

Kuuza mtandao kwa umma kunataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mkataba wa nyumbani aghalabu hauruhusu. Najua mitaa mingi watoto wanasoma kwa WiFi ya shilingi kumi kumi, na mimi sitaki ifungwe. Ndo mana nasema jisajilini, hata kwa kikundi, na msipandishe nguvu ya redio kupita kiasi mana mnaua chaneli za mtaa mzima.

Antena zangu zinakufa kila mwaka, ni vifaa feki?

Aghalabu ni chumvi. Upepo wa kusi unaileta mpaka ndani ya viungo vya waya, shaba inageuka kijani na mtandao unadhoofika kidogokidogo, mtu anadhani ni kampuni. Funga kila kiungo kwa mpira wa kujishika wenyewe halafu tepu juu, ukianza chini kwenda juu ili maji yateremke bila kuingia. Waya uachie kitanzi kabla haujaingia ndani ili mvua idondokee pale. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila baada ya masika panda ufungue kiungo kimoja uangalie rangi ya shaba.